Kibanio cha Shosho

Jumamosi yenye harusi, Kinoru huamka mapema. Saa kumi na mbili na nusu tayari kuna dem mlangoni kwangu, kichwa kimefungwa leso, simu mkononi, na picha ya kope anazotaka ishafunguliwa. "Kama hizi," ananiambia. Anazotaka ni za mtu wa Instagram ambaye pengine hata zake si zake. Namlaza chali kwenye kitanda cha kukunja, nambandika karatasi laini chini ya macho, nawasha taa ya duara. Kwa karibu saa mbili tunakaa hivyo, uso wake chini ya wangu, tukipumuliana. Sijui kazi nyingine mtaani inayokuweka karibu na jicho la mtu namna hii, ukiondoa udaktari na umama.

Nilikaa chuo mihula minne, nikatoka. Ni hadithi ya karo, na siku hiyo nyingine nitaisimulia. Kuandika kunanipa furaha lakini hakulipi kodi ya nyumba. Kope zinalipa. Nashika vibanio viwili, kimoja kila mkono: cha kushoto natenga ukope mmoja wa mteja, cha kulia nauwekea mwingine wa bandia uliochovywa kwenye gundi. Mmoja mmoja. Kope za juu za jicho moja ni kati ya tisini na mia moja sitini hivi, kwa hiyo unaweza kujipigia hesabu ya shingo yangu ikifika jioni.

Mhariri aliniomba historia ya kope za kubandika, na nilianza vizuri tu. Niliandika kwamba mwaka 1911 mwanamke wa Kanada anayeitwa Anna Taylor alipata hataza ya kope bandia. Niliandika pia kuhusu 1916, mwongozaji D. W. Griffith alipotaka mwigizaji wake Seena Owen awe na kope zinazogusa mashavu kwenye filamu ya Intolerance, akabandikwa za nywele halisi kwa gundi. Nikaendelea hivyo kurasa mbili. Halafu nikaangalia kibanio mkononi mwangu na nikajua nimeanzia mahali pasipo petu. Sikujifunzia kushika kibanio saluni. Nilijifunza nikiwa na miaka saba, juu ya jicho la shosho yangu, na siku hizo hatukuwa tunabandika kope. Tulikuwa tunazing'oa.

Wahenga walisema macho hayana pazia. Wasamehewe, kwa sababu yanalo, na watu wamelipima. Mwaka 2015 watafiti wa Georgia Tech kule Marekani walichapisha utafiti wa kope za wanyama ishirini na wawili, wengine wadogo, mwingine mkubwa kama twiga. Waligundua kwamba karibu kwa wote urefu wa kope ni kama theluthi moja ya upana wa jicho. Wakatengeneza jicho la bandia, wakalipulizia upepo, wakaona kwamba kwa urefu huo kope hupunguza upepo unaofika juu ya jicho, hivyo jicho halikauki haraka na vumbi halitui kwa wingi. Kope zikiwa ndefu kupita hapo zinaanza kufanya kinyume: zinauelekeza upepo ndani. Wateja wangu siwaambii hili kabla hawajalipa.

Kiswahili chetu hakitenganishi sana. Kope ni zile nywele, na kope ni ile ngozi inayofunga jicho. Neno moja, kazi moja. Ukivuka mpaka uingie Tanzania utasikia pia vikope, na hapo hakuna urembo. Vikope ni ugonjwa. Sisi huku tumezoea kuuita kwa jina la kizungu tulilolikunja kidogo: trakoma.

Shosho alitoka upande wa chini wa Igembe, kule ambako ukishapita Maua na mashamba ya miraa barabara inateremka kuelekea mbuga ya wanyama ya Meru, hewa inakuwa moto na udongo unabadilika rangi. Mtu wa Nairobi akisikia Meru anafikiria kijani, ndizi, chai na mto Kathita ukishuka kutoka mlimani. Hiyo ni Meru ya juu. Ya chini ni ya mbuzi, vumbi na mtungi wa lita ishirini unaobebwa mgongoni kwa masaa. Mtungi huo ukifika nyumbani ugali unapika kwanza, mbuzi mdogo anakunywa, na uso wa mtoto unangoja. Inzi hawangoji.

Trakoma inaanza hapo. Ni bakteria, jamaa wa ile klamidia nyingine inayojulikana zaidi lakini aina tofauti. Inaishi kwenye tongo na makamasi ya watoto, inasafiri kwa vidole, kwa ncha ya leso moja inayofuta nyuso tano, na kwa inzi wanaopenda unyevunyevu wa jicho. Mtoto anapata, anapona, anapata tena. Ukipata mara moja si kitu. Ukipata mara nyingi tangu utotoni, ndani ya kope ya juu panabaki makovu, na kovu lina tabia ya kuvuta. Miaka ishirini au thelathini baadaye kope inaanza kujikunja kwa ndani. Zile nywele zilizopewa kazi ya kuzuia vumbi sasa zinageuka na kukwaruza kioo cha jicho, kila ukipepesa, na binadamu hupepesa mara elfu nyingi kwa siku. Kioo kinachubuka, kinaingia vijidudu, kinakuwa cheupe kama maziwa yaliyoganda. Mtu hapofuki kwa siku moja. Anapofuka kwa kupepesa.

Shirika la Afya Duniani linasema wanawake hupofushwa na ugonjwa huu hadi mara nne zaidi ya wanaume. Sababu haifichi: wao ndio wanaokaa na watoto. Uliulea ugonjwa wa wanao, na wa wadogo zako kabla ya hapo, na wa wajukuu baadaye.

Alipokuja kukaa nasi Kinoru alikuwa na begi moja na kibanio cha chuma kwenye uzi shingoni. Kifupi, kimekunjwa kutoka kwa chuma bapa, ncha zimesagwa kwenye jiwe. Mathe alikuwa akishinda sokoni Gakoromone, kwa hiyo kazi ya jioni ikawa yangu. Shosho alikaa kwenye kigoda mlangoni, akiuelekeza uso kwenye jua linalozama, nami nasimama kati ya magoti yake. "Tafuta ile inanichoma," anasema. Macho ya mtoto ni makali. Nilikuwa naiona, nyembamba, nyeusi, imelalia jicho. Nabana, navuta. Yeye hata hatikisiki. Halafu ananipa shilingi tano, na nakumbuka nilijiona daktari.

Miaka mingi baadaye ndipo nilielewa nilichokuwa nafanya. Ukope uliong'olewa hurudi. Ukirudi huwa kwanza ni kisiki kifupi kigumu, na kisiki kinakwaruza vibaya kuliko unywele mrefu uliolala. Ukikatikia njiani badala ya kutoka na mzizi, ndiyo balaa. Kung'oa si ujinga, nataka hilo lieleweke. Mahali ambapo upasuaji haupo, kung'oa vizuri na mara kwa mara kunasaidia kweli, na hata wataalamu wa macho hukubali kwa wale ambao kope chache tu zimegeuka au ambao hawataki kisu. Lakini kunahitaji kibanio kizuri, mwangaza, na mtu anayejua. Shosho alikuwa na mimi wa darasa la pili.

Jicho la kulia lilikwenda nikiwa na miaka tisa.

Wazee wetu hawakuwa wa kwanza na kibanio. Kule Misri kuna mafunjo ya tiba ya takriban 1550 kabla ya Kristo, yanayoitwa ya Ebers kwa jina la Mjerumani aliyeyanunua, na ndani yake kuna dawa za kuzuia nywele zilizong'olewa jichoni zisiote tena. Kuna ubani, kuna damu ya popo. Kwa hiyo miaka zaidi ya elfu tatu na mia tano iliyopita mtu fulani kando ya Nile alisimama kati ya magoti ya shosho wake akitafuta ile inayochoma. Wagiriki ndio waliotoa jina, kutokana na neno lao la kitu kinachoparuza.

Usidhani pia kwamba ni ugonjwa wa Afrika. Majeshi ya Uingereza na Ufaransa yaliyopigania Misri karibu na 1800 yalirudi Ulaya na macho yanayotiririka, na balaa hilo ni sehemu ya sababu London ilipata hospitali ya macho ya Moorfields mwaka 1805. Marekani iliuweka kwenye orodha ya magonjwa ya kuzuia wahamiaji mwaka 1897. Pale Ellis Island, New York, madaktari walipindua kope za wahamiaji walioshuka melini, wengi kwa kile kikulabu cha kufungia vifungo vya viatu, wakitafuta vile vijivimbe. Ukikutwa navyo, meli iliyokuleta ndiyo inakurudisha. Familia zilitenganishwa foleni kwa sababu ya upande wa ndani wa kope. Mwaka 1907 wanasayansi wawili wa Ulaya wakiwa Java waliona kijidudu chenyewe kwa mara ya kwanza chini ya hadubini. Ilichukua nusu karne nyingine, hadi 1957, daktari Tang Feifan na wenzake wa Beijing kufanikiwa kukikuza.

Na hapa ndipo historia inanikera. Ulaya na Marekani kaskazini trakoma ilianza kufifia kabla ya dawa nzuri kupatikana. Iliondoka watu walipopata mabomba, nyumba zisizo na msongamano, vyoo, sabuni. Haikuwa siri ya maabara. Ugonjwa unaoweza kufukuzwa na mfereji umeendelea kupofusha watu kwa mamia ya miaka mahali ambapo mfereji haujafika, na mahali hapo kwa kawaida pana wapiga kura wengi tu.

Majirani zetu waliutafiti kwa undani. Wilaya ya Kongwa, Dodoma, ni kavu kama chini kwetu, na tangu miaka ya 1980 watafiti, wakiwemo wa Johns Hopkins, walikaa huko na wanakijiji wakiuliza swali linaloonekana dogo: je, uso safi wa mtoto unatosha kupunguza vikope? Jambo moja walilokutana nalo ni kwamba shida haikuwa umbali wa maji peke yake. Ilikuwa pia nani anaamua maji yatumike kwa nini, na imani kwamba kunawisha watoto kunamaliza mtungi. Ilibidi waonyeshane hadharani kwamba maji kidogo sana yanatosha nyuso nyingi. Jaribio lao la vijiji sita, lililochapishwa 1995, lilionyesha watoto waliodumu na nyuso safi hawakuugua vikali kama wengine. Kutokana na kazi kama hizo Shirika la Afya Duniani likaunganisha mambo manne: upasuaji wa kope zilizogeuka, dawa, uso safi, na mazingira yenye maji na vyoo. Dawa ni azithromisini, ambayo kampuni ya Pfizer ilianza kuitoa bure mwaka 1998, Tanzania ikiwa kati ya nchi za kwanza kuipokea.

Kenya ilipopima wilaya sita mwaka 2004 ziliandikwa Samburu, Narok, Pokot Magharibi, Kajiado, Baringo na Meru Kaskazini. Hiyo ya mwisho ndiyo ilikuwa ya shosho. Nilipoona jina hilo kwenye jedwali nilikaa nalo kwa muda. Siku zote nilidhani macho yake yalikuwa siri ya nyumba yetu.

Jicho la kushoto lilipona kwa bahati. Mama mmoja wa kujitolea wa afya, wa kanisa letu, alimwona shosho akifuta machozi ibadani na hakudhani ni Roho. Akamwambia mathe kwamba kuna upasuaji. Mganga alimkalisha shosho, akaipindua kope kwa kidole gumba, taratibu, akatazama, akasema, "Shosho, hii tunairudisha nje." Sindano ya ganzi, kope inakatwa kwa ndani, inazungushwa, inashonwa ili nywele zitazame dunia tena. Haikuzidi saa moja. Jioni hiyo alirudi Kinoru na bandeji, akakivua kibanio shingoni, akakiweka kwenye kopo la vifungo. Mimi nililia kwa sababu nilikuwa nimefutwa kazi.

Sasa nirudi kwenye kitanda changu cha kukunja, kwa sababu nina deni.

Mwaka wangu wa kwanza wa kope nilinunua gundi ya bei ya chini, chupa isiyo na maandishi ya maana, na sikuwa na habari ya kumjaribishia mteja siku moja kabla. Gundi hizi nyingi ni za familia ya sayanoakrileti, ndugu wa ile gundi kali ya kuunganisha viatu na vikombe, ambayo Harry Coover wa Kodak aliigundua 1942 kwa bahati mbaya. Zinatoa mvuke, na kuna watu ambao miili yao haiutaki kabisa. Mteja alirudi siku ya pili macho yamefura kama amepigana. Nilimpeleka hospitali mwenyewe. Daktari aliipindua kope yake kwa kidole gumba, taratibu, vile vile nilivyokumbuka, kisha akaniuliza bila kugeuka, "Ni wewe ulibandika?"

Alipona. Kope zake zilidondoka nyingi na zikachukua miezi kurudi. Sikumtoza kitu tena maisha yake yote, na bado huwa hanisalimii vizuri.

Baadaye nilisoma kwamba mimi ni wa juzi tu katika ukoo huu. Mwaka 1933 kule Marekani kulikuwa na rangi ya kope iliyoitwa Lash Lure, yenye kemikali ya kutia nywele weusi iliyo sumu kwa jicho. Mwanamke mmoja alipakwa saluni akijiandaa kwa sherehe, akapofuka. Wengine nao waliumia. Serikali haikuwa na sheria ya kuiondoa sokoni. Picha zake kabla na baada ziliwekwa kwenye maonyesho ya vitisho, na ndizo zilizosaidia kusukuma sheria ya vipodozi ya 1938. Iligharimu macho ya watu kupata maandishi kwenye chupa, na mimi nilinunua chupa isiyo na maandishi.

Kwa hiyo siku hizi ukija kwangu utachoka na maswali. Ulishawahi kufura? Jicho lako linawasha? Nakupaka gundi tone moja nyuma ya sikio, unarudi kesho. Kama kope zako zimejaa magamba mzizini sikubandiki, nenda kwanza ukaoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini siku kadhaa, ukitumia kitambaa chako peke yako. Ukishabandikwa, zioshe hivyo hivyo kila siku. Watu wanaogopa maji kwa sababu wanaogopa zitatoka, halafu uchafu unakaa mzizini na kope zao za kweli zinaanza kudondoka. Usilale na wanja. Usiazime brashi ya maskara hata kwa dadako, na ile yako ikifika miezi mitatu minne itupe. Usivute. Ukope hukua wiki chache tu, si miaka kama nywele za kichwa, kisha unapumzika na kudondoka wenyewe, hivyo ukiona mmoja kwenye mto usipige simu.

Mafuta ya mbarika? Naulizwa kila wiki. Ni mafuta mazuri, huku Mlima Kenya watu walijipaka tangu zamani, yatafanya ukope ung'ae na usikatike ovyo. Sijaona ushahidi kwamba yanaotesha. Kinachojulikana kurefusha kope ni dawa ya shinikizo la jicho, bimatoprosti: wagonjwa walianza kurudi kliniki na kope ndefu, na mwisho wa 2008 Marekani ikaruhusu iuzwe kwa urembo. Hiyo ni ya daktari, si ya kununua kwa mtu wa TikTok.

Shosho anakuja saluni siku za jua. Anakaa kwenye kiti cha plastiki, anasikiliza. Mara ya kwanza alipoelewa ninachofanya alicheka hadi akakohoa. "Wanakulipa ndiyo uziweke?" Akamwomba dem aliyekuwa amelala amruhusu aguse. Akapitisha kidole, polepole, juu ya zile kope mpya, kutoka pembe hadi pembe. "Zinatazama nje," alisema. "Ni nzuri."

Wiki mbili zilizopita alinivuta mkono wateja walipoondoka. "Hebu niangalie hili la kushoto. Kuna kitu." Upasuaji wa kope unaweza kurudi nyuma, nilikuwa nimesoma hilo, makovu huendelea kuvuta. Nilimlaza kwenye kitanda cha wateja, nikawasha taa ya duara. Zilikuwa mbili, pembeni, zimeanza kulalia jicho. Vibanio vyangu vilikuwa pale pale mezani, vya bei, ncha kali, na mkono wangu ulikuwa ushavifikia.

"Ng'oa basi," alisema. "Si unajua."

Nilivirudisha kwenye kopo. Jumatatu nikafunga saluni, tukapanda matatu hadi hospitali kuu ya Meru, yeye dirishani, jicho lile moja likitazama uwanja wa Kinoru ukipita.